Hamadi wa Sura ya Nne

Jumatatu, 4 Mei
Sura ya nne tena. Msimamizi wangu wa uzamili kairudisha. Anasema mwanamke wa riwaya yangu anazunguka tu, hana anachokitaka. Nimekasirika. Hapa Nguvumali joto, umeme hakuna, na mimi nimekuja nyumbani eti nimalize kitabu.

Jumatano, 6 Mei
Nimempa anachokitaka: Hamadi, muoka mikate. Kusema kweli ni Salim, fundi cherehani wa Usagara. Nampenda tangu sijaenda chuo. Hajui. Nani amwambie? Mimi? Thubutu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimejiponza. Nilimsomea sura somo wangu, Bi Mwanaidi, aliyenifunda nilipovunja ungo. Humsomea zote; hunionyesha watu wangu wanapoongea kama redio. Leo nikafika pale Hamadi anapocheka akifumba jicho moja. Akavua miwani.
"Mwari wangu, huyu si mtoto wa Zuhura?"
Nikasema hadithi tu, somo, kazi ya chuo. Akaniambia ninyamaze.

Jumamosi, 9 Mei
Somo kavaa buibui asubuhi, kaenda kwa Zuhura, mama yake Salim. Mwanamke hajiposei, lakini somo wake anaweza kudondosha neno. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Nimeshinda barazani nikijifanya nasahihisha, kumbe nachagua rangi ya doti ya harusi. Mjinga mimi.
Karudi baada ya Adhuhuri. Hakuketi. Salim kachumbia msichana wa Kigombe, mahari imeshapokelewa. Mamake kasikitika: "Mngetupa japo fununu, miaka yote hii!"
Somo kalia. Mimi nimepika wali.

Jumapili, 10 Mei
Nimelia. Namtaka. Basi.

Alhamisi, 14 Mei
Msimamizi kapiga simu. Sura niliyomrudishia imekubaliwa. Anasema sasa mwanamke ni mtu kabisa, anamwonea huruma. Kaniuliza nimewezaje. Nikasema nimejitahidi, ahsante. Sikufurahi hata kidogo.
Akauliza kama Hamadi atakuja kuposa. Nikamjibu sijaamua.
Nimekaa mezani tangu Alasiri. Kumleta ni kazi ya sentensi moja, na kitabu ni changu, hakuna wa kunizuia. Nimeandika kwamba Hamadi amepiga hodi. Sasa wanaadhini Magharibi, na bado sijaweza kumwandika akiingia.