Kipindi cha Jumapili Kilichonibakiza Bwiza

Kaka yangu uliye mbali,

Ulinipa mpaka Ijumaa nikujibu, na ulinipa mbele ya ukoo mzima, kwenye kundi la familia kwenye simu, mashangazi na mabinamu wote wakisikiliza. Basi na mimi nakujibu mbele za watu. "Mi nimekutengenezea kila kitu," ulisema, "makaratasi, nyumba, kazi. We kuja tu. Uko unaonyesha bazungu nini? Mavumbi? Ukikataa, usinipigie tena." Mama alisikiliza sauti yako mara mbili, akaiweka simu mezani, akaenda kuchambua mchele.

Unauliza nani alinitia wazimu huu wa kutembeza wageni. Ni wewe. Wewe na kile kipindi cha safari cha Jumapili.

Unakumbuka sebule yetu ilivyojaa baada ya sala ya alasiri, majirani wakija na mikeka yao wenyewe kumsubiri yule mtangazaji mwenye kofia. Tulimtazama miaka mingi, mpaka ndevu zake zikaota mvi mbele ya macho yetu, na Mama akawa anampa pole kama shemeji yake. Kipindi kilikuwa cha Kifaransa na wengi pale hawakukielewa, kwa hiyo wewe ulisimama kando ya televisheni ukitafsiri. Jumapili moja ulikwenda kwenye mpira, ukaniachia mimi. Nilikuwa darasa la tano, na Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Mtangazaji akaingia kwenye ghala la jibini, mapande makubwa ya njano, ya duara, yamepangwa juu ya mbao. Sikuwahi kuona kitu kile. Nikatangaza bila haya kwamba ni sabuni, wanazikausha. Mara yule mtangazaji akakata kipande, akala.

"Eh! Bazungu banakula sabuni!" Jirani yetu fundi cherehani alisambaza habari hiyo wiki nzima, na hakuna aliyembishia.

Uliporudi ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukaniambia, "Kama haujui, sema haujui. Halafu uulize." Sijawahi kupata mafunzo mengine ya kazi hii, Kaka. Ni hayo tu.

Halafu ikafika Jumapili ambayo kipindi kilionyesha nchi yetu. Mama alikaanga sambusa tangu asubuhi, watu wakabanana hadi mlangoni. Tukaona ngoma. Tukaona ziwa. Tukaona kiboko amefungua kinywa, na mtangazaji akapanda ndege. Mtaa wetu wa Bwiza hakuna, mtaa wa Asiatique hakuna, sisi hatupo. Ulizima televisheni kabla muziki haujaisha, ukasema, "Mumeona? Hata benyewe habakupata cha kuonyesha." Toka siku ile ulianza kutafuta njia ya kuondoka. Mimi nilikasirika. Niliwakasirikia wao, na nilikukasirikia wewe zaidi, kwa sababu wao walikuwa wageni na wewe ulikuwa unajua.

Nilipoajiriwa kwenye ofisi moja ya safari mjini, nilipeleka watu walikonituma, kwenye ngoma na kwenye viboko, na wala si pabaya. Ila siku moja nilimwambia mkubwa wangu kuwa nawapeleka wageni Bwiza kwa miguu. Akasema, "Bwiza hakuna kitu." Nikamwambia basi nakwenda kuwaonyesha hicho hakuna-kitu. Leo gari linapokosa mafuta, na unajua mafuta hapa hukosekana, wenzangu wanaahirisha safari, mimi nafunga kamba za viatu. Nina sharti moja tu: kamera inakaa mkobani mpaka mgeni ameketi, amesalimia, na amekunywa chai ya mwenye nyumba. Wapo wanaonuna. Wanunao nawarudisha hotelini.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima, amezaliwa Bwiza, ameondoka akiwa mgongoni mwa mamake. Alichokuwa nacho ni jina la bibi yake tu, na kwamba bibi huyo aliuza maandazi karibu na msikiti. Aliniuliza nyumba iko wapi. Nikamwambia sijui. Tukaanza kuuliza, mlango kwa mlango, kwa makanika, kwa wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka adhuhuri. Mwishowe tukaelekezwa kwa bibi kizee mmoja asiyeona vizuri, jirani wa zamani wa yule muuza maandazi. Alishika uso wa yule mama kwa mikono miwili, akataja jina lake la utotoni, jina ambalo hata mimi sikuwa nimeambiwa. "Mi nilikubeba, we," akasema. "Ulinikojolea mara ngapi!" Yule mama aliketi chini kwenye mkeka akalia, na sikupiga picha, wala hakuna aliyepiga.

Hayo ndiyo mavumbi ninayoonyesha.

Usidhani sioni ugumu. Maisha hapa yanabana, na kuna asubuhi naamka sina mgeni hata mmoja kwa wiki nzima. Wewe nakukumbuka mpaka inaniuma. Na Mama amekwisha kuniambia niende. "Enda, mi niko sawa," akasema, akageukia ukuta. Kwa hiyo usije ukasema ni yeye aliyenizuia. Utasema sikio la kufa halisikii dawa. Sawa, lakini dawa uliyoniletea si ya ugonjwa wangu. Wewe ulikitazama kipindi kile ukatamani kuwa yule anayefika. Mimi nilitamani kuwa yule anayefungua mlango.

Siji, Kaka. Makaratasi hayo, kama yanaweza kubadilishwa jina, mpe binamu yetu anayeyalilia. Nakushukuru kwa moyo wangu wote na nakataa kwa moyo huohuo.

Na ile amri yako nyingine pia naikataa. Nitakupigia kesho. Usipopokea, nitakupigia kesho kutwa, na siku inayofuata, mpaka uchoke kusikia simu ikilia. Kuondoka ulichagua mwenyewe, nami sikukuzuia. Udugu hukuuchagua, kwa hiyo si wako kuufunga.

Vaa sweta, ule vizuri, Mungu akulinde huko.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi, wa tumbo moja na wewe.