Mshumaa wa Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni nicheke kwanza!

Si unajua leo wakwe watarajiwa wamevuka mpaka kuja kwetu kujitambulisha? Mama mkwe hata hajakaa vizuri, kaanza: "Kwetu maji hayakatiki. Kwetu barabara kama kioo. Kwetu umeme ukikatika, ni habari ya gazetini!"

Baba kanuna kama kafiwa. Moyoni nasema, harusi imeota mbawa.

Mara PAP! Giza totoro.

Sisi wenyeji tunapapasana kutafuta tochi, mama mkwe kafungua mkoba wake, katoa mshumaa. Shoga, MSHUMAA! Umeshatumika nusu! Na kiberiti kakifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni!

Baba kacheka mpaka kapaliwa: "Mkwe mwenzangu, kumbe tunasoma gazeti moja!"