Kilichoonekana Korongoni

Neema mjukuu wangu,

Hapa Hyattsville tu wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama mwanao, kwa miaka yake minne, ataweza njia za korongo la huko jangwani.

Mama yako alipokuwa na umri huo nilimpeleka kwenye korongo kama hilo. Kwa kuogopa atachoka, nilimbeba mgongoni kwa kanga mpaka mwisho wa njia. Nikamuuliza ameona nini.

"Mgongo wako, Mama."

Wakati wa kurudi nikamwacha atangulie. Alichutama kwenye kila jiwe, kuta za mwamba zikaiva kama papai kwa jua la jioni, nami nikawa kama naota.

Chagua njia fupi yenye kivuli, na ubebe maji. Mwisho wa ile njia siukumbuki kabisa. Kokoto aliyoniwekea mama yako kiganjani siku ile ipo hapa dirishani.

Bibi yako