Mama Mkwe Ananipiga Video Nikichomelea, Nimfukuze?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana mke wangu ameanza kukunja nguo zake na mimi bado sijajua kama nimekosea au nimeona mbali.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, tena si wa kubahatisha, nimechomelea mageti, matangi, ngazi za ghorofa, nimewahi kuning'inia kwenye mnara mpaka ndege wakanizoea, na ukipita mtaani kwetu ukamuulizia Fundi Cheche hata mtoto wa chekechea atakuonyesha kwa kidole. Shule sikuimaliza, shule ndiyo ilinimaliza mimi, lakini dunia nimeizunguka na watu nawasoma kuliko vitabu, ndiyo maana jambo hili linaniuma, kwamba mtu pekee ninayeshindwa kumsoma yuko jikoni kwangu.

Mtu huyo ni mama mkwe. Alikuja kututembelea, nikampokea kwa mikono miwili, chumba chenye hewa nikampa yeye, mimi na mke wangu tukahamia kile cha watoto, na simu yenye kioo kikubwa nikamnunulia mwenyewe ili akirudi kwake awe anawaona wajukuu. Sasa simu hiyo hiyo ndiyo anayonichungulia nayo! Karakana yangu iko uani, inatazamana na dirisha la jikoni, lile la wavu lenye pazia, na kila nikiwasha moto pazia linafunguka kidogo, nikizima linajifunga, nikalijaribu, washa, zima, washa, zima, na pazia nalo linanifuata tu kama tumepanga. Nikainua maski ghafla. Nikaiona simu imenielekea, na pembeni ya simu jicho moja la mama mkwe.

Basi nikaanza uchunguzi wangu. Kile kioo cheusi cha akiba cha maski yangu, cha kukinga macho na moto, nilikuwa nimekitafuta mpaka nikamshuku paka, nikakikuta dirishani kimejaa selotepu. Halafu picha alizompiga mjukuu wake zote zina mstari wa zambarau umempita mtoto usoni, nikazipeleka kwa fundi simu, akaziangalia akatikisa kichwa. "Kaka, hii kamera imetazama moto wa kuchomelea kavu kavu. Imeungua kwa ndani, huo mstari hata uufute kwa sabuni hautoki. Anayejua kazi huweka kioo cheusi mbele." Nikarudi nyumbani nikiwaza, mwanzo hakujua, sasa anajua, nani anamfundisha?

Jioni macho yake yanakuwa mekundu, machozi yanamtiririka, anasema anahisi kama kamwagiwa mchanga, mke wangu anasema labda moshi, moshi gani na sisi tunapikia gesi? Mimi naona analia kusudi, ili majirani waseme mama wa watu ananyanyasika kwa Fundi Cheche. Na mezani ananihoji kwa upole wa kutisha. "Baba, hivi ule moto unauanzisha kwa kugusisha au kwa kukwaruza?" Nikamjibu, "Mama, mimi naomba dua tu, unawaka wenyewe." Akacheka, lakini kicheko cha mtu anayeweka akiba.

Mwisho nikamsikia kwa masikio yangu akiongea na simu huko chumbani. "Sasa anaonekana. Zile za mwanzo zilikuwa weupe mtupu. Wewe usitazame moto, tazama mkono wake unavyotembea. Ukishaangalia futa, asije akajua." Asije akajua, mshauri! Anatumiwa na nani? Kuna fundi mmoja barabara ya pili ananiiga mageti yangu mpaka maua. Au ni kaka zake mke wangu, ambao hawakunitaka tangu mwanzo, katika ukoo ule anayenifaa ni mdogo wao wa kike tu, shemeji yangu tunayetaniana, yule aliyewahi kuniomba nimfundishe kuchomelea nikacheka mpaka nikakaa chini, nikamwambia shemeji, hapa si saluni. Wengine wote nawahofia.

Mke wangu ananiambia, "Si umuulize mwenyewe?"

"Nimuulizeje mama mkwe? Nianze na shikamoo, nimalize na wewe mpelelezi wa nani?"

"Basi nyamaza."

"Sinyamazi. Jumamosi mama yako apande basi."

Akaniangalia kwa utulivu nisioupenda. "Akiondoka kwa aibu, tunaondoka wote."

Ndipo nguo zilipoanza kukunjwa. Nifanyeje? Nimnyang'anye simu, nimfukuze, au niendelee kuchomelea huku napigwa picha kama mwizi wa kuku? Na hivi kweli mwenye nia njema anaweza kuficha kamera nyuma ya kioo changu mwenyewe?

Ni mimi, Fundi Cheche.

JIBU

Fundi Cheche, nusu ya kwanza ya barua yako imenichekesha, nusu ya pili imenikasirisha, na nitaanza na hasira.

Mtu katazama moto wa kuchomelea. Jioni anahisi mchanga machoni, machozi hayakatiki. Wewe, uliyezoewa na ndege huko minarani, unasema anaigiza? Fundi gani wa kazi yako hajawahi kukesha na macho ya namna hiyo? Mtu mwingine angesingizia moshi nikamwelewa. Wewe huna pa kujificha. Kile kioo kinakinga jicho la simu tu, na jicho la mama ulilikuta pembeni ya simu, uchi, likiutazama moto wako. Ukatafuta mpelelezi badala ya kutafuta daktari!

Tuje kwenye huo upelelezi. Anayetafuta aibu yako anapiga picha uso wako ukigombana na mteja. Hahangaiki na selotepu. Kioo cheusi kinazima kila kitu, uso wako, ua wako, hata hayo maua ya geti, kinabakiza chuma kinachoyeyuka na mkono unaokiongoza. Anayetaka kuona hicho ni mtu anayetaka kujifunza. "Tazama mkono wake" ni maneno ya kumwelekeza mwanafunzi, baba. Na mwanafunzi umenitajia mwenyewe, ukampita ukicheka. Mimi shemeji yako simjui na simu ile sikuisikia, naweza kukosea, lakini ningeanzia kwake kabla ya kwenda kugombana barabara ya pili. Kama ni yeye, ulitarajia waje kukuomba ruhusa? Ili ucheke mpaka ukae chini tena?

Najua huwezi kumhoji mama mkwe, na sikwambii umhoji. Mkeo ndiye mlango. Mwambie ampelekee mama maneno haya: pale dirishani moto unaonekana vibaya na unaumiza macho, kiti kipo karakanani, maski ya pili ipo. Usitaje simu. Atakuja nayo mwenyewe.

Akija, mfanyie mpango kama fundi. Kioo cheusi kizibe jicho lote la kamera, kisiachie mwanya, na mbele yake uweke kioo cheupe cha bei rahisi ili cheche zikichafue hicho. Simu isimame kwenye kishikio, hatua kadhaa kutoka kwako, upande ambao cheche hazirukii. Kabla hujawasha, mwambie aweke kidole kwenye picha na kukishikilia hapo mpaka mwanga utulie, kama simu yake inakubali hivyo, maana kamera ikiachwa ijiamulie itakuwa mara weupe, mara giza. Isisogezwe karibu kutafuta uzuri wa picha. Na wote waliopo wawe na maski, kwa sababu hakuna anayetazama kioo cha simu bila kuibia jicho pembeni, si mama mkwe, si mimi. Ule mstari wa zambarau ndio basi tena, usimlaumu nao. Aliupata akijifunza bila mtu wa kumwelekeza, na mwelekezaji alikuwa uani.

Shemeji naye mpigie. Mwambie video nzuri lakini haimwonyeshi uzito wa mkono, aje akishike kijiti cha kuchomelea mwenyewe. Atachoma vipande vingi vibaya, wewe cheka kidogo, umesimama.

Ila hayo ni ya baadaye. Leo usiwashe mashine kabisa. Mpeleke mama kwenye kliniki ya macho, asiyafikiche, asiwekewe dawa ya jirani, na wewe ndiye umshike mkono, si mkeo. Kabla hamjatoka, simama uani useme mama haondoki. Sema kwa sauti. Dirisha liko wazi.