Matone ya Chokaa
Jumanne, Agosti

Tumbawe hai la marehemu Baba, alilotuletea kutoka Mombasa, bado limejikunja. Susu, mama yake Baba, alijaza tangi linamoishi kwa maji ya kisima chetu badala ya maji ya bahari. “Si hayo pia yana chumvi, mwanangu?” aliniuliza.

Chumvi nimeirekebisha, lakini chokaa ambayo tumbawe hujijengea imepungua majini. Nikimimina maji ya chokaa yote mara moja, huenda likafa. Nikiyadondosha polepole usiku kucha, huenda nikachelewa. Humu nyumbani, vilivyo hai alivyoacha Baba ni hilo na mimi.

Nimechagua matone. Nimetumia mpira wa dripu aliyowekewa Baba hapa nyumbani, uliobaki alipofariki.

Susu ameuona ukining'inia, akavuta kigoda karibu na tangi.

“Nenda ulale,” ameniambia. “Kukesha na matone nimezoea.”