Dawa za Elphas ziko kwa leso ya mamake

"Hizi dawa zinamlaza mtoto wangu kama maiti!"
"Mama, daktari alisema zinachukua wiki kadhaa ndio zi—"
"Daktari gani! Huyu anataka maombi!"

Melvin, hiyo ni Selpha na mama mkwe wake, hapa Kitengela, saa hii tu. Mama alitoka Mumias jana. Leo amechukua dawa za mwanawe Elphas za depression akazifunga kwa leso, kiunoni.

Selpha akanyoosha mkono, akashika hiyo leso. Kiuno ya mama mkwe, Melvin! KIUNO!! Na unajua kwetu kumgusa mama mkwe hivyo ni mwiko.

"Akiacha ghafla atarudi pale pabaya," Selpha akasema, machozi yanamwagika. "Ulikuwa hapa akikataa kula, akisema afadhali afe?"

Kumbe Elphas amesimama mlangoni, amesikia yote. Na hajaongea na mtu tangu Jumapili, bwana. Selpha akafa moyo, akajua sasa Elphas atasema hataki dawa tena.

Elphas akaongea polepole, macho chini. "Mama, mpe Selpha. Selpha, zifiche, uwe unanipa moja moja. Na usiniambie umezificha wapi."