Nusu ya Wimbo ya Papa

Beni

Papa yangu, na Mama,

Mbele ya yote ninawasalimia na ninauliza: mungali bazima wote? Mugongo ya Mama inaendelea namna gani? Huku Beni tunasikia kama askari bamerudi ku barabara yenu ya Kanyabayonga, na roho hainikai. Sisi tuko. Mutoto yangu Masika anasema mingi kupita mama yake. Baba yake, Kambale, hakuna habari tangu siku askari balimubebesha masanduku yao. Ninalima mashamba ya batu, na mugongo yangu inanikumbusha ile ya Mama.

Papa, barua hii inapashwa kukufikia mbele ya habari yenyewe, njo maana ninaandika mbio. Nimekuletea aibu mara ya pili. Ya kwanza unaijua: siku ile wewe, muzee wa kanisa, ulisimama ukasoma jina langu, kama nimetoshwa, nimefukuzwa ku meza ya Bwana, juu ya mimba. Sauti yako haikutetemeka. Mimi nilikuwa ninaangalia viatu vyako.

Ya pili ni hii. Korali yetu ilitafuta wimbo mupya juu ya siku ya mavuno. Nikakumbuka ile ulikuwa unaimba na kinywa ya kufunga, ukichagua mbegu ya viazi: bila maneno, kidole kinapiga ku kitunga. Nilijua ni ya Mungu. Wewe ungeimba nini ingine? Nikatia mule maneno ya zaburi. Bamama bakaipenda sana, juu inachangamusha.

Siku yenyewe tulikuwa ku mustari ya tatu, Muzee Kasereka, dereva wa zamani, akasimama na fimbo yake. Nilifikiri analeta sadaka. Kumbe anacheza. Akaimba maneno ya kweli, kwa Lingala, sauti ya juu: kijana ameosha kinga yake, baiskeli ya mupya, anamungojea musichana ku kilalo ya kuvukia muto, apande nyuma, bende kunywa limonade, mama yake asijue. Kanisa yote ikaanguka na kicheko.

Pasteur hakucheka. "Kavira, hii wimbo uliitosha wapi?"

"Kwa papa yangu."

"Papa yako ni nani?"

Na mimi, mu ile aibu yote, nikajibu: "Ni muzee wa kanisa kule Kayna."

Ku benchi ya nyuma kulikuwa jirani yenu Mama Kanyere, ule mwenye analeta vitunguu kuuza huku. Nikamukimbilia inje, nikamuomba akupe barua hii mbele ya kusema neno.

"Barua nitafikisha," akasema. "Kinywa, mutoto yangu, hiyo siahidi."

Donc unisamehe, Papa. Sikutaka kukuanika mbele ya batu. Lakini kama wazee wenzako banakuuliza, usiseme mimi ni muongo. Hiyo sitaweza kubeba. Siku ulisoma jina langu nilinyamaza, juu ilikuwa kweli. Hii pia ni kweli. Muzee Kasereka anasema, mu miaka yenu hakuna kijana hakumuimbia musichana wimbo ile. Nikakumbuka vile, kila mara ukiiimba, Mama alikuwa anageukia ukuta, mabega inatetemeka, na mimi nilifikiri ni moshi ya jiko.

Pasteur ameikataza. Mu kanisa nimeacha. Mu nyumba, hapana. Masika anaiimba tukipalilia.

Munisalimie Mama mukubwa, mwenye alinipa kitenge ya kubebea mutoto wakati wengine balifunga milango. Na kaka Paluku, kama angali anafundisha. Na mama mwenye kuongoza korali ya kwetu. Umuambie asicheke sana.

Papa, tunajua nusu tu. Kila mara mutu alibisha ku mulango, ulikuwa unaikata pale kati. Muzee Kasereka anataka kutufundisha ile nusu ingine, na nimemukatalia. Masika anauliza wimbo inaishia wapi. Nimemujibu: babu yako njo anajua.

Mimi mutoto yenu,
Kavira